Siku Kumi za Kukaza Nyuzi

Mimi ni mwoga. Naanza na hilo ili mtu asije akanisingizia ushujaa huko mbele. Nimeogopa radi, nimeogopa mbwa, nimeogopa kupanda boti ya kwenda kwetu Nansio hata siku ambazo ziwa limetulia tuli. Na bado, kwa miaka zaidi ya thelathini, nimejipatia ugali wangu kwa kupiga na kufundisha viola, kazi ambayo mwoga hakupaswa hata kuisogelea. Unasimama mbele za watu, na kosa lako linasikika mpaka kwa waliokaa karibu na mlango.

Viola si fidla. Maneno haya nimeyasema Mwanza nzima mpaka mate yakanikauka. Inashikwa begani vilevile na kupigwa kwa upinde vilevile, ila ni kubwa kidogo na sauti yake ni nzito zaidi. Fidla inaimba wimbo wenyewe. Viola inakaa katikati, inashikilia. Nilipewa na sista mmoja wa Kizungu aliyekuwa akifundisha muziki kwenye shule yetu ya kanisa, na sababu yake ilikuwa moja tu, kwamba nina mikono mirefu. Nilitaka fidla. Nilinuna wiki nzima. Nilipoizoea viola nikaipenda kwa sababu ya kiwoga kabisa: ukikosea pale katikati, si kila mtu anajua kwamba ni wewe.

Tulikuwa wanne tuliopiga pamoja, na tulialikwa kwenye harusi za wakubwa na misa za Krismasi. Kisha Sista akaugua, akarudi kwao, akaniachia wanafunzi na vyombo. Haukupita muda ikaingia miaka ya ruksa, milango ya biashara ikafunguliwa, kila mtu akawa mfanyabiashara. Mwenzangu wa kwanza akaingia kwenye biashara ya samaki sangara, akawa anawapelekea wenye viwanda vya minofu. Wa pili akafuata dhahabu. Wa tatu akaenda Magu kuuza mitumba, na aliponikuta stendi siku moja akaniuliza kama bado nakereza lile dude langu. Nikamwambia ndiyo, bado nakereza. Mtu wa katikati nikabaki katikati, kushoto hakuna mtu na kulia hakuna mtu.

Vifaa havikupatikana. Uzi mwembamba kuliko yote ulipokatika, niliweka mshipi wa kuvulia samaki, niliouchagua kwenye duka la nyavu kwa kuuvuta na kuudonoa sikioni huku muuzaji akinitazama kwa huruma. Upinde niliufunga singa za mkia wa punda. Viola yenyewe ilipopata ufa tumboni, aliyeuziba ni fundi mitumbwi wa Kirumba, na sikuthubutu kumuuliza ametumia gundi gani. Hayo yote niliyaweza. Kilichoniangusha ni kitu nilichokuwa nakifanya kila jioni bila kufikiri.

Nyuzi za viola zinapatanishwa kila siku, na wapigaji wa dunia nzima wanaanzia kwenye sauti moja inayoitwa La. Ukiipata La, zile nyingine zinaifuata. Sista alikuwa na kichuma chenye ncha mbili kama uma. Ukikigonga kinatoa La. Aliondoka nacho, na sikumlaumu, kilikuwa chake. Kinanda cha kanisa kilishaliwa na mchwa. Tulichobaki nacho ni honi ya meli. Jioni, meli ya Bukoba ilipokuwa inaondoka, honi yake ilisikika mpaka shuleni, na Sista enzi zake alikuwa anasimama dirishani anacheka, anatuambia hiyo ni La kabisa, ila imeshuka kidogo, basi tuongeze kidogo.

Nikaendelea hivyo alipoondoka. Honi inalia, naishika, naongeza kidogo. Mwaka wa kwanza niliongeza vizuri. Sijui ni mwaka upi nilianza kuongeza nusu ya kidogo, wala ni mwaka upi niliacha kabisa. Najua tu kwamba uzi ukilegea haukatiki upesi, na mimi niliogopa kukatika kwa uzi kuliko ninavyoogopa radi. Nyuzi zikadumu. Nikajipongeza kwamba najua kutunza vitu. Ikapita miaka tisa.

Katika miaka hiyo nilipata mwanafunzi mmoja ambaye mwalimu anampata mara moja, na walimu wengine hawampati kabisa. Binti wa Kiseke, mama yake alikuwa anakaanga mapanki na kuyauza, ile mifupa ya sangara inayobaki viwandani. Alikuwa na masikio ya ajabu. Ungemwamsha usingizini ukamwambia aimbe La, angekuimbia ileile ya jana, bila kuuliza. Nilimfundisha tangu kidato cha kwanza kwa ile viola moja iliyobaki ikipigika, yeye akipiga mchana, mimi jioni. Alikuwa anapiga amefumba macho. Mimi sijawahi kufumba macho nikipiga, naogopa.

Alipofika kidato cha nne, chuo kimoja cha muziki cha Nairobi kikaandika barua. Kilikuwa na nafasi moja kwa upande wetu wa ziwa, masomo na malazi bure, na mtahini angekuja mwenyewe kumsikiliza binti. Barua ilisema atakuja na kinanda chake na atamsindikiza kwa kinanda hicho. Mama yake binti alipoambiwa alikaa chini palepale sokoni, akafunika uso kwa khanga. Kwake mtoto hakukuwa na mlango mwingine baada ya pale zaidi ya karai la mafuta.

Siku kumi kabla ya mtahini kufika, nilikwenda mjini kununua sabuni. Duka moja lilikuwa limepanga nje vinanda vidogo vya betri, vya kuchezea watoto. Miaka ya nyuma kitu kama hicho usingekiona Mwanza hata kwa dawa. Nikabonyeza La. Haikuwa La. Nikacheka, nikamwambia mwenye duka kwamba kinanda chake kibovu, hizi bidhaa za soko huria ndivyo zilivyo. Akanipa kingine. Nacho kibovu. Akanipa cha tatu, cha kiwanda kingine kabisa, na kile cha tatu kikatoa sauti ileile ya viwili vya mwanzo. Vinanda vitatu vilikuwa vimeelewana vyenyewe kwa vyenyewe, na ambaye hakuelewana navyo ni mimi.

Mwenye duka akauliza nanunua au nachezea. Nikanunua kidogo kuliko vyote, sabuni nikaisahau, nikarudi nyumbani na kupima. Viola ilikuwa chini karibu hatua nzima ya sauti. Miaka tisa. Kila mtoto aliyepita mikononi mwangu alikuwa ameondoka na La yangu ya uongo, na huyu mwenye masikio ya ajabu ndiye aliyekuwa ameishika kuliko wote.

Mtu mwingine angekwenda Kiseke jioni hiyohiyo, akasema, mwanangu, nimekosea, tuna siku kumi, tufanye kazi. Nilivaa viatu kabisa. Nikafika mlangoni, nikafikiria macho yake, nikavua viatu. Watu wanadhani nilihofia kazi, kwa kuwa mwaka ule shule ilikuwa inafuta masomo yasiyoleta faida na muziki ulikuwa unanyemelewa. Hapana. Niliogopa kuonekana mjinga na mtoto aliyekuwa ananiamini. Basi nikapanga kwamba nitazikaza nyuzi kidogo kidogo kila siku, ili siku ya kumi ziwe zimefika, na binti asijue chochote.

Ah, ile kazi ya kukaza! Nilikuwa nageuza kigingi, kile kijiti cha kukazia uzi, upana wa ukucha, nimefumba macho na kugeuzia uso pembeni, maana uzi ukikatika unachapa. Ubao ulikuwa unalia kwa ndani. Nikiulaza mkono juu ya ule ufa wa tumboni nilihisi unavutwa. Ukikatika uzi mmoja kati ya zile nene, hakuna mwingine Mwanza, hakuna mtihani, binti anarudi kwenye karai.

Siku ya kwanza binti alipiga mistari miwili akasimama. Akatikisa kichwa. Akasema leo kuna kitu. Nikamwambia ni hali ya hewa, mbao zinabadilika mvua zikikaribia. Akanikubalia, kama alivyonikubalia kila kitu.

Siku ya tatu aliweka upinde chini, akaimba La kwa mdomo, akaipiga kwenye uzi, akaimba tena. Zilikuwa sauti mbili tofauti. Akasema kwa sauti ndogo kwamba masikio yake yanamdanganya. Hapo ndipo Mungu alinifungulia mlango wazi kabisa, na mimi nikaupita. Nikamuuliza kama huwa anaoga ziwani. Akasema ndiyo, anaoga na wenzake. Nikamwambia pengine maji yameingia masikioni. Mdomo wangu ndio uliosema hayo, si wa mtu mwingine.

Nilichokuwa sikijui ni kwamba kaka wa mama yake aliziba masikio, akawa kiziwi, akiwa na umri uleule. Alianza kwa kulalamika kwamba sauti zimebadilika, na kabla ya mwaka kwisha alikuwa hasikii hata ngoma. Hayo nilielezwa na mama mwenyewe, alipokuja nyumbani kwangu siku ya tano na kufikia kwenye kiti cha mlangoni bila hata kusubiri kukaribishwa. Tulisalimiana vizuri, akaniuliza habari za nyumbani, nikamuuliza habari za biashara. Kisha akaacha hayo yote akaniuliza lililomleta.

"Mwalimu, wewe ndiye unayemsikiliza kila siku. Niambie ukweli. Masikio ya mwanangu yanaziba kama ya mjomba wake?"

Nikamwambia hapana, haiwezekani, atapona. Akaniuliza atapona nini, kama hana ugonjwa. Nikasema ni uchovu wa masomo. Akaniambia amempeleka zahanati, wamemsafisha masikio kwa maji ya bomba la sindano hawakuona kitu, na sasa anamwekea samli ya moto kila asubuhi na jioni, mtoto anauma meno lakini anavumilia. Akanishukuru kwa muda wangu. Aliniletea na samaki, sato mzima wa kuchoma, yeye aliyekuwa akiuza mifupa. Yule sato nilishindwa kumla, nikampa jirani.

Kwa nini sikusema hata hapo? Nimejiuliza mara nyingi, na jibu halinipendezi. Siku ya kwanza ukweli ulikuwa mdogo, ungemezeka. Siku ya tano ulikuwa umeshatiwa samli, umeshakwenda zahanati, umeshamlaza mama macho. Kila siku niliyokaa kimya, siku iliyofuata iliniogopesha zaidi. Nikajikausha, nikaendelea kukaza.

Binti akabadilika. Aliacha kufumba macho, akawa anavitazama vidole vyake vikitembea kwenye nyuzi, na kila baada ya mstari ananiangalia usoni ili ajue amepata au amekosa. Akaniomba nimchoree alama za penseli mahali pa kubonyeza. Nikamchorea. Mtoto ambaye mwezi uliopita angeweza kunisahihisha mimi, sasa ananiuliza hii ni juu au chini, Mwalimu, hii ni juu au chini.

Siku ikafika. Nyuzi zilikuwa zimefika pia, hakuna uliokatika, na nilipopima asubuhi kwa kile kinanda cha mtoto zililingana sawasawa. Nikapiga ishara ya msalaba. Nilijidanganya kwamba yamekwisha.

Ukumbi wa shule ulikuwa na sisi wachache tu: mtahini, mama mtu mzima mwenye miwani na daftari gumu; mkuu wa shule; mimi kwenye benchi la nyuma; na binti mbele na viola. Mama yake alibaki nje nyuma ya ukumbi, chini ya dirisha lililofungwa, alisema akiingia atalia. Mtahini alisalimia vizuri, akaketi kwenye kinanda, akatoa La, akamwambia binti ahakikishe nyuzi zake kabla ya kuanza. Hilo ni jambo la kwanza kabisa wanaloangalia, mpigaji apatanishe chombo chake mwenyewe kwa masikio yake.

Binti hakuinua upinde. Aliinyoosha viola kwa mikono miwili kuelekea kwangu, nyuma kule, mbele ya watu wote.

"Naomba Mwalimu anisaidie," alisema. "Masikio yangu ni mabovu."

Mtahini akamuuliza tangu lini. Akajibu tangu wiki iliyopita. Akaulizwa kama kuna mwingine kwenye familia. Akataja mjomba. Mtahini akaandika mstari mfupi, akaweka kalamu, akavua miwani. Alizungumza kwa upole sana, na ule upole ndio ulionitisha. Alisema anasikitika, kwamba vidole vinafundishika na chombo kinapatikana, lakini masikio ndiyo kila kitu, na chuo hakiwezi kuchukua mtu ambaye huenda baada ya mwaka asisikie. Akamshauri aende hospitali kubwa. Akalifunga daftari.

Benchi lilinishika. Sisemi uongo, niliiamuru miguu inyanyuke ikakataa. Nikamwona binti anatikisa kichwa kukubali, taratibu, kwa adabu, kama nilivyomfundisha kukubali anaposahihishwa. Hilo ndilo lililoniinua, si ujasiri. Nilisimama nimeshika benchi la mbele yangu, na sauti iliyonitoka ilikuwa nyembamba kama si yangu.

"Masikio yake ni mazima," nilisema. "Mbovu ni mimi."

Nikasema yote, hovyohovyo, mwisho kabla ya mwanzo. Honi, miaka tisa, vinanda vya dukani, kigingi upana wa ukucha, hali ya hewa, maji ya ziwani. Mkuu wa shule alikuwa ananitazama mdomo wazi. Binti hakunitazama kabisa. Nilipomaliza mtahini akamwambia binti ageukie ukutani na aimbe La anayoijua yeye. Akaimba. Mtahini akaitafuta kwenye kinanda, akaikuta kati ya vibonyezo viwili. Akampigisha soga kidogo kuhusu shule na nyumbani, kisha ghafla akamwambia aimbe tena. Ileile. Mara ya tatu akampigia kwanza wimbo mwingine mkubwa ili amvuruge. Ileile, haikusogea hata unywele.

Mtahini akavaa miwani. Akamwambia azishushe nyuzi mwenyewe mpaka pale anapopaamini, na apige peke yake, kinanda atakiacha. Binti akavishika vigingi. Alichukua dakika nzima, nasi tukamsubiri. Kisha akafumba macho akapiga. Alipiga vibaya pale mwanzo, halafu akapata njia yake. Mimi nilikuwa nimeinamisha kichwa kwenye magoti, machozi yananidondokea kwenye viatu, mwanaume mzima.

Alipata nafasi. Mtahini alimwambia palepale, akaongeza kwamba kuihamisha La kutamchukua muhula mmoja na kutamuuma, lakini mwenye masikio kama hayo anahama. Mkuu wa shule alisema ataniona ofisini Jumatatu, na Jumatatu aliniona, na muziki ulifutwa shuleni mwaka uliofuata. Nikaanza kufundisha nyumbani, na ninafundisha mpaka leo.

Nilimkuta binti nje kwenye kibaraza, anaifungia viola kwenye sanduku lake. Nikasimama mbali kidogo. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu hakuniamkia.

"Ulijua tangu lini?" aliuliza.

"Tangu siku ile niliyosema ni hali ya hewa."

Akafunga kishikizo kimoja cha sanduku, akafunga cha pili. Nikamwambia nisamehe. Nikamwambia niliogopa, na nikaanza kumweleza nilivyoogopa, kwa kirefu, nyuzi na ufa na ubao uliokuwa unalia.

"Hata mimi niliogopa, Mwalimu," alisema. "Ila wewe ulikuwa unajua unachokiogopa."

Akaliacha sanduku pale kibarazani, akazunguka nyuma ya ukumbi mpaka kule dirishani, akamwambie mama yake kwamba haumwi.